Nimekula kiapo, kadi imechukuliwa, pasipoti haijafika: nisafiri na karatasi gani?

Swali: "Mimi ni Mkongomani wa Fizi. Nililelewa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na mwaka 2017 tulipokelewa Marekani, sasa mimi, mume wangu na watoto tunaishi Louisville, Kentucky. Wiki saba zilizopita nilikula kiapo cha uraia. Siku ileile walinichukulia kadi ya kijani wakanipa cheti. Wiki nne zilizopita nilipeleka maombi ya pasipoti posta, huduma ya kawaida, na cheti nacho wakakichukua. Mama yangu bado yuko Nyarugusu na hali yake si nzuri, kwa hiyo nimekwisha kununua tiketi ya kusafiri baada ya wiki tano. Kwenye intaneti naona tu kwamba maombi yanashughulikiwa, tangu wiki mbili zilizopita. Sina karatasi yoyote mkononi. Je, naweza kusafiri na ile hati yangu ya zamani ya mkimbizi? Kuna mtu anasema nimpe dola 400 atanitolea pasipoti haraka, nimkubalie? Na binti yangu wa miaka 14, aliyezaliwa kambini, yeye ni raia au bado? Kaka yake mdogo alizaliwa hapa."

Jibu: Pole sana dada yangu kwa hali ya mama, na hongera kwa kiapo. Nitaanza na lile linalokukosesha usingizi, yaani kukaa bila karatasi, kwa kuwa naona limekufanya uanze kufikiria njia ambayo inaweza kukuharibia safari nzima.

Uraia wako ulikamilika pale ulipomaliza kutamka maneno ya kiapo. Haukusubiri cheti, na wala hausubiri pasipoti. Hata kama leo cheti chako kimo ndani ya bahasha katika ofisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, wewe ni raia wa tajnisi mwenye haki ileile ya kufanya kazi na kuishi aliyonayo jirani yako aliyezaliwa Kentucky, na mwajiri wako hana sababu ya kukudai kadi mpya wakati huu wa kungoja. Kwa miaka mingi nimekaa na watu wetu wanaopitia hatua hii, na nimeona kwamba siku ya kiapo, katikati ya furaha na bendera ndogo za mkononi, huwa kuna dakika moja ngumu: ofisa anapita mstari kwa mstari akikusanya kadi za kijani. Mzee mmoja niliyekuwa nimemsindikiza aliishika kadi yake kwa vidole viwili asiiachie, mpaka ofisa akasubiri kidogo, kwa sababu tangu atoke kwao ile ndiyo karatasi ya kwanza iliyowahi kumwambia kwamba ana mahali pa kukaa. Kwa hiyo ninaelewa vizuri unaposema huna kitu mkononi. Ila kadi ile ilichukuliwa kwa sababu haikuhusu tena, kwani ni kadi ya mgeni mwenye ukaazi wa kudumu na wewe hukuwa mgeni tena.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayojibu swali la hati ya mkimbizi. Usisafiri nayo. Hati ya kusafiria ya mkimbizi hutolewa kwa mtu ambaye hana nchi ya kumpa pasipoti, na wewe sasa nchi unayo. Ukitazama barua ya mwaliko wa kiapo, ile fomu N-445, utaona kwamba ulitakiwa kuja na kadi ya kijani pamoja na hati nyingine zote za uhamiaji ulizopewa, hati ya mkimbizi ikiwemo. Kama ilibaki kabatini kwa kusahau, irudishe kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji, yaani USCIS, ukiambatisha barua fupi ya maelezo. Tena Sheria ya Uhamiaji na Uraia, kifungu cha 215(b), inamtaka raia wa Marekani atoke na aingie nchini akiwa na pasipoti ya Marekani. Ukitoka na hati ya zamani, siku ya kurudi utasimama mbele ya kaunta ya shirika la ndege kule Dar es Salaam ukijieleza kuwa wewe ni mkimbizi mwenye ukaazi wa Marekani, jambo ambalo si kweli tena, na mtumishi wa kaunta atakudai kadi ya kijani ambayo huna. Nakuomba usijiingize katika hali hiyo ukiwa mbali na watoto wako.

Sasa tuhesabu wiki pamoja, kwa kuwa hapa ndipo penye kazi ya kufanya. Muda ambao Wizara imekuwa ikiutangaza kwa huduma ya kawaida ni wiki 4 hadi 6, na kwa huduma ya haraka ni wiki 2 hadi 3. Muda huo huwa unabadilika kwa wingi wa maombi, kwani mwaka 2023 huduma ya kawaida ilifika wiki 10 hadi 13, kwa hiyo tazama tangazo la sasa kabla ya kuamua lolote. Jambo ambalo watu wengi hawalioni ni kwamba wiki hizo huhesabiwa kwa siku ambazo maombi yamo ofisini tu. Safari ya bahasha kutoka posta hadi ofisini yaweza kuchukua hadi wiki mbili, na safari ya pasipoti kurudi kwako hadi wiki mbili nyingine. Ndiyo maana wewe unasema umengoja wiki nne, ilhali kwa hesabu ya ofisi huenda umengoja mbili tu, maana mtandao ulianza kuonyesha kwamba maombi yanashughulikiwa wiki mbili zilizopita. Ukiongeza mbili hadi nne zilizobaki, na mbili za posta ikichukua muda wake wote, unapata kati ya wiki nne na sita kuanzia leo. Safari yako ni baada ya wiki tano. Kwa maneno mengine, pasipoti inaweza kufika kabla ya ndege, na inaweza kufika baada yake, na mimi nisingekushauri uache jambo hilo kwenye bahati.

Unaweza kuyahamisha maombi yako kutoka huduma ya kawaida kwenda huduma ya haraka hata baada ya kuyapeleka. Piga simu kituo cha taarifa za pasipoti cha Wizara, 1-877-487-2778, na uwe na jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya maombi uliyoiona mtandaoni. Waambie unataka kuongeza huduma ya haraka, ambayo ni dola 60, na pasipoti itumwe kwa njia ya siku 1 hadi 2, ambayo ni dola 22.05. Kwa jumla ni dola 82.05 juu ya zile 130 za pasipoti na 35 za kupokelewa maombi pale posta, ulizokwisha kulipa. Ukilinganisha na gharama ya kuahirisha tiketi ya Kigoma, fedha hiyo ni ndogo. Fanya hivyo wiki hii, usingoje wiki ya tatu ukitumaini kwamba huenda itakuja yenyewe.

Huyo anayetaka dola 400 mkatae. Hakuna mtu wa nje anayeweza kunyoosha mkono akaichomoa faili yako ofisini. Zipo kampuni za kupeleka maombi ambazo zimeandikishwa na zinaruhusiwa kuyafikisha katika ofisi za pasipoti kwa niaba ya mteja, lakini hata hizo hazipati pasipoti upesi kuliko mtu aliyekwenda mwenyewe, na maombi yako wewe yako ndani tayari. Vilevile ujihadhari na tovuti zinazojifanya za serikali zinazodai kwamba pasipoti ya kwanza inaombwa mtandaoni. Kinachofanyika mtandaoni ni kuhuisha pasipoti ya mtu mzima ambaye alikuwa nayo. Pasipoti ya kwanza huombwa kwa fomu DS-11, ana kwa ana, kama ulivyofanya pale posta ulipoinua mkono na kutia saini mbele ya karani.

Ikitokea kwamba zimebaki siku 14 kabla ya safari na pasipoti bado, piga simu ileile ueleze kwamba safari imekaribia na maombi yako yamo ndani. Wanaweza kuyahamishia katika ofisi ya pasipoti inayohudumia watu kwa miadi, ukaenda kuichukua mwenyewe. Kwa mtu wa Louisville, ofisi za Chicago, Detroit na Atlanta zote ni mwendo wa saa nyingi kwa gari, kwa hiyo panga mapema nani atabaki na watoto na umwombe msimamizi wako wa kazi siku ya ziada. Beba tiketi iliyochapishwa, kitambulisho na picha moja ya pasipoti. Ukikwama kwenye simu, ofisi ya mbunge wa wilaya yako katika Bunge la Marekani inao watumishi wa kusaidia wananchi, na kufuatilia pasipoti ni moja ya kazi zao za kila siku. Watakupa fomu ya ridhaa utie saini, kisha wataiuliza Wizara kwa niaba yako. Watu wetu huona haya kwenda huko, wakidhani ni mahali pa wakubwa. Nenda dada, mbunge huyo sasa ni wako.

Kuhusu mama, kuna mlango mwingine ambao naomba Mungu usiuhitaji. Jamaa wa karibu, kama mzazi, mtoto, mume au mke, akiwa nje ya Marekani na amefariki, anakaribia kufariki, au ana ugonjwa unaohatarisha uhai wake, unaweza kuomba miadi ya dharura ya kufa na kupona. Watataka uthibitisho, ambao kwa mgonjwa ni barua ya hospitali yenye kichwa cha hospitali hiyo, iliyotiwa saini na daktari, ikieleza hali ya mgonjwa. Barua iwe ya Kiingereza au iwe na tafsiri rasmi. Kwa kuwa mawasiliano na kambini hukatika, nakushauri umwombe ndugu aliye pale awaombe madaktari barua hiyo sasa, aipige picha iliyo wazi akutumie, hata kama hutaitumia. Nimeshuhudia familia ikipoteza siku nne ikitafuta saini moja huku mgonjwa akizidiwa.

Sasa tuje kwa binti yako, na hapa nina habari njema. Sheria ya Uraia wa Mtoto, iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, inasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi halali wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya malezi ya kisheria na ya kila siku ya mzazi ambaye ni raia, anakuwa raia bila kuomba. Binti yako ana miaka 14, na kama ana kadi ya kijani na anaishi nawe, basi siku ulipokula kiapo wewe naye aliupata uraia, hata kama saa ile alikuwa darasani na hakujua lolote. (Kwa wasomaji wengine wenye watoto wakubwa: aliyekwisha kutimiza miaka 18 kabla ya kiapo cha mzazi haingii hapa, naye hujiombea mwenyewe.) Ndiyo kusema kwamba binti naye hapaswi kusafiri nje kwa kadi ya kijani, bali kwa pasipoti ya Marekani, ijapokuwa kadi yake bado imo mikononi mwenu. Mdogo wake aliyezaliwa Louisville ni raia tangu kuzaliwa na cheti chake cha kuzaliwa kinamtosha, kwa hiyo pasipoti yake haikutegemei wewe hata kidogo.

Watu watakuambia uanze na cheti cha uraia cha mtoto kwa fomu N-600. Fomu hiyo ina ada inayozidi dola 1,300, na huchukua miezi. Cheti hicho ni kizuri kuwa nacho siku za mbele kwa sababu hakiishi muda, lakini pasipoti yenyewe ni uthibitisho kamili wa uraia, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 inagharimu dola 100 na dola 35 za kupokelewa maombi. Mimi ningeanza na pasipoti.

Shida yenu ni kwamba maombi ya binti yanahitaji uthibitisho wa uraia wako, na cheti chako kimeondoka. Mngekwenda posta pamoja siku ile, karatasi moja ingewafaa wote wawili. Kwa sasa ngoja pasipoti yako ifike, kwani nayo inakubalika kuthibitisha uraia wa mzazi. Wakati ukingoja, kusanya vilivyobaki: cheti chake cha kuzaliwa, kadi yake ya kijani, cheti chenu cha ndoa, na kitu kinachoonyesha kwamba anaishi nanyi, kama barua ya shule yenye anwani. Mtoto wa chini ya miaka 16 anatakiwa aende na wazazi wote wawili, na mumeo aende hata kama yeye bado si raia. Asipoweza, ajaze fomu DS-3053 mbele ya mthibitishaji wa saini. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachowasumbua wengi waliojifungulia kambini, kwa kuwa familia nyingi ziliondoka na karatasi ya kliniki ya tangazo la kuzaliwa peke yake. Kama ndivyo ilivyo kwenu, anza kufuatilia cheti RITA, yaani wakala wa serikali ya Tanzania wa kusajili vizazi, kupitia ndugu aliye Kigoma, maana hilo lina wiki zake na halihusiani na pasipoti yako. Kwa jinsi ninavyouona muda, safari hii utaifanya bila binti, na ni afadhali umwambie mapema kuliko kumwachia matumaini mpaka siku ya mwisho.

Neno moja kuhusu majina. Sisi tuliopitia Kongo na kambini tunajua jinsi karani mmoja anavyoweza kuandika jina la baba mahali pa jina la ukoo, na jinsi nusu ya mtaa ilivyopewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Pasipoti itafuata kilichoandikwa kwenye cheti cha uraia. Linganisha sasa tiketi yako na nakala ya cheti uliyobaki nayo, herufi kwa herufi, na kama zinatofautiana zungumza na wakala wa tiketi kabla ya siku ya safari. Wengi huogopa hata kukitoa nakala cheti hicho kwa sababu vingine vimechapishwa onyo la kutokinakili bila ruhusa ya kisheria. Nakala inayotakiwa na maombi ya pasipoti ni halali, na moja ya kuweka nyumbani ni busara. Ila kisitiwe laminesheni, kwa kuwa plastiki inazuia alama zake za usalama zisikaguliwe. Pasipoti ikifika, kaa nayo mezani, soma jina, tarehe na nchi ya kuzaliwa, kisha utie saini kwa wino. Kosa lililofanywa na ofisi husahihishwa bila malipo kwa fomu DS-5504, na kosa la USCIS kwenye cheti huombewa marekebisho kwa fomu N-565, nalo pia halilipiwi.

Pasipoti hiyo itakuwa na jambo jingine jipya kwako: utaingia Tanzania kama Mmarekani. Utahitaji viza, ambayo kwa wenye pasipoti ya Marekani ni dola 100, na huwezi kuiomba kabla ya kuwa na namba ya pasipoti, kwa hiyo acha siku kadhaa kati ya kuipokea na kupanda ndege. Ukitaka kuvuka ziwa kwenda Fizi, jua kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, hivyo huko nako utaomba viza. Na kuingia Nyarugusu kwenyewe, hata kama ulikulia pale na unazijua njia zake zote, siku hizi wewe ni mgeni, na mgeni haingii kambini bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mama naye hawezi kutoka kuja kukulaki mjini Kasulu bila ruhusa. Mwombe ndugu yako aulize ofisi ya mkuu wa kambi mapema utaratibu ulivyo, ili usije ukavuka bahari ukaishia getini.

Cheti chako kitarudi peke yake, katika bahasha nyingine, kwa posta ya kawaida, hata wiki kadhaa baada ya pasipoti, kwa kuwa zile dola 22.05 ni za pasipoti tu. Usishtuke bahasha ya kwanza ikifika bila cheti. Mwachie mumeo maagizo ya kufungua sanduku la barua kila siku ukiwa safarini, akiweke cheti pakavu, na siku utakaporudi nendeni nacho ofisi ya hifadhi ya jamii, yaani Social Security, kubadilisha kumbukumbu zako, kisha wote wanne mpitie posta kwa ajili ya maombi ya binti.